Korongo wa Yadi ya Viazisukari

Jumapili, 7 Aprili 1957

Mimi Leokadia Stręk, mwalimu wa historia katika sekondari ya Topolnik, leo nimekabidhiwa kipaza sauti. Historia ninayoifundisha darasani ilikwisha kuandikwa na wengine, ikapigwa mhuri, ikafungwa. Hii ya leo ndiyo kwanza inazaliwa, na nimeona ni wajibu wangu kuishikia kalamu tangu siku yake ya kwanza. Siku moja mtu atauliza kama mji wetu uliwahi kuwa na timu ya mbio za pikipiki, na sitaki ajibiwe kwa kubahatisha.

Kiwanda chetu cha sukari kina yadi kubwa ya kumwagia viazisukari. Kuanzia Oktoba hujaa mizizi hiyo milima kwa milima. Ikifika Februari kiwanda kimekwisha kuimeza yote, na yadi hubaki tupu hadi vuli. Seweryn Kluba, fundi wa mitambo, ndiye aliyeitazama yadi ile tupu akaona kitu ambacho sisi wengine hatukukiona. Majira yote ya baridi yeye na wenzake walibeba masalia ya makaa kutoka matanurini, wakayaponda na kuyatandaza kwa umbo la yai, wakayashindilia. Sasa tuna njia ya mbio nyeusi kama koti la padri.

Mkurugenzi wa kiwanda, Hipolit Zarzycki, alisimama leo mbele ya umati akatoa masharti yake.

"Uwanja ni wa viazi," alisema. "Ninyi nawaazima tu. Mkipanda daraja mwisho wa msimu, viazi nitavihamishia ng'ambo ya reli na uwanja utakuwa wenu moja kwa moja. Msipopanda, viazi vitarudi kwao, na asije mtu kunililia mlangoni."

"Ndugu Mkurugenzi," Gwidon, mwokaji mikate, akapaza sauti kutoka nyuma, "hivyo viazi vimewahi kushinda mechi gani?"

"Vimekulisha tangu unyonyeshwe. Hiyo haitoshi?"

Watu wakacheka. Gwidon ndiye mpanda pikipiki wetu wa pili kwa ubora. Timu imepewa jina la Korongo, ndege wanaorudi Topolnik kila masika. Nami nimechaguliwa kuwa mtangazaji kwa kuwa sauti yangu, kwa maneno ya Mkurugenzi, huwafikia hata waliolala safu ya nyuma. Sikujua kwamba alikuwa anajua.

Jumapili, 14 Aprili

Mazoezi. Pikipiki hizi hazina breki. Nilidhani ni mzaha wa Gwidon mpaka nilipoinama nikatazama mwenyewe. Zina gia moja na hunywa spiriti. Mafuta yanayolainisha injini ni ya mbarika, yaleyale tuliyonyweshwa utotoni tukiumwa tumbo, ila yakiungua huwa na harufu ambayo mtu hujikuta anaifuata. Wanne hushindana kwa mizunguko minne, daima kwa mkono wa kushoto. Kwenye kona hawapunguzi mwendo. Huitupa pikipiki ubavu, wakaburuza mguu wa kushoto uliovikwa kiatu cha chuma, gurudumu la nyuma likirusha makaa hadi kwenye uzio.

Seweryn ni mtu mkavu. Nilimwamkia, akaitikia kwa kidevu. Nimeandika moyoni mwangu kwamba ana majivuno.

Bi Pelagia, mjane alimaye viazisukari ng'ambo ya mto, alisimama uzioni muda wote na mwavuli wake.

"Wewe Gwidon," aliita, "hivyo ndivyo unavyopeleka mikate? Ndiyo maana hunifikia imepondeka."

"Bi Pelagia, leo mikate yako nitaileta kwa ubavu."

Jumapili, 5 Mei

Mechi ya kwanza nyumbani. Tuliwapokea wageni kwa mkate na chumvi, kama ipasavyo. Niliandaa hotuba ya kufungulia inayoanzia hati ya kifalme iliyoupa mji wetu haki ya soko. Nilikuwa sijafika hata karne ya kumi na sita nilipoguswa bega.

"Mwalimu," fundi mmoja alinong'ona, "mbio ya kwanza imekwisha. Watu wanauliza nani kashinda."

Nimejifunza. Mbio moja huchukua muda wa kumwaga chai na kuweka sukari. Sasa nasema jina, rangi ya kofia na alama: mshindi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa mwisho hapewi kitu. Mengine watu wanayaona wenyewe.

Tulishinda. Walimbeba Seweryn wakamrusha juu mara kadhaa, kama anavyorushwa kila mshindi. Hata huko juu hakutabasamu.

Jumapili, 19 Mei

Ugenini Ostrzyce, dhidi ya Grom, timu ambayo kila mtu anasema itapanda daraja. Niliwafuata vijana kwa lori la kiwanda, nimekaa juu ya magunia kama mwanamke asiye na cheti.

Kabla ya mbio ya mwisho injini ya Seweryn ilikufa, na pikipiki ya akiba tulikuwa bado hatujaipata. Mwamuzi alikwisha kutoa dakika mbili za kisheria; asiyefika mstarini zikiisha, huachwa nje ya mbio. Hapo ndipo nahodha wa Grom, Anzelm Kurek, mtu mfupi mwenye masharubu, alipoisukuma pikipiki yake hadi mbele ya Seweryn na kumwachia usukani mikononi.

"Panda."

"Ina mtego gani?" Seweryn akauliza.

"Mtego wake ni kwamba inakwenda kasi. Kona ya pili usiikabe sana, haipendi."

Yeye mwenyewe Anzelm alipanda ile ya akiba ya timu yake, mkweche unaokohoa. Seweryn alishinda mbio ile. Anzelm alimaliza wa mwisho mbele ya watu wake. Jumla ya mechi tulishindwa, lakini kwa tofauti ndogo kuliko walivyotutabiria.

Nilimwambia Gwidon njiani kwamba nahodha yule ni mwungwana, lakini mwungwana mjinga.

"Mwalimu, siyo uungwana," Gwidon alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania. "Ndiyo desturi. Pikipiki iliyomo ndani ya ua wa maandalizi haina timu. Aliyekwama anaazimwa, na unampa ile ambayo ungeipanda wewe. Ukimpa mbovu ni heri usimpe. Naye huirudisha imeoshwa, tangi limejaa."

"Na ikikushinda?"

"Basi imekushinda pikipiki yako mwenyewe. Kuna aibu gani?"

Kabla hatujaondoka, nilimwona Seweryn akiiosha pikipiki ya Anzelm kwa ndoo na tambara, amepiga magoti, akipitia kila waya wa gurudumu. Hakuiacha mpaka iling'aa. Huenda yale niliyoyaandika Aprili niliyaandika upesi mno.

Jumapili, 26 Mei

Tumeshinda nyumbani.

Jumapili, 9 Juni

Tumeshindwa ugenini. Supu ya kabichi ilikuwa nzuri.

Jumapili, 30 Juni

Tumeshinda. Mkurugenzi alikuja na saa yake ya mfukoni, akawa anapima mizunguko. Nilipomwuliza anapima nini, alisema anataka kujua kama yadi inatumika kwa ufanisi. Huyu naye kila kitu ni mizani.

Jumapili, 14 Julai

Hakuna mvua tangu mwezi jana. Vumbi la makaa limekuwa balaa. Watu wanarudi nyumbani weusi kama wachimba migodi, na leo kwenye kona ya mbali sikuona kitu. Nilitangaza kofia nyekundu ya kwanza, kumbe ni nyeupe. Bi Pelagia alinikumbusha kwa mwavuli.

Ila nimegundua jambo. Siku hizi nazitambua pikipiki zetu kwa masikio. Ya Gwidon hukohoa inapoingia kona. Ya Seweryn ina sauti moja nene, iliyotulia, mfano wa padri anayeimba misa bila kitabu, na mwishoni mwa kila mstari mnyoofu huikata kidogo, kisha ikarudi. Mji mzima unaijua. Wanawake sokoni huacha kuhesabu mayai wakiisikia ikijaribiwa.

Jumapili, 4 Agosti

Nitaandika kwa kirefu, kwa sababu makosa mengine yanaweza kufanywa na mtu yeyote, lakini hili lingefanywa na Topolnik peke yake.

Vumbi lilipokithiri, kikao cha kiwanda kiliketi. Maji yalikuwa ya mgawo. Mtu fulani, na kila mmoja leo anasema si yeye, akakumbusha kwamba kwenye matangi ya kiwanda imebaki molasi, ule uji mweusi wa sukari, ya mwaka jana, na kwamba molasi ikichanganywa na maji hugandisha udongo. Hata barabara za mashamba huwekwa. Ni kweli kabisa. Jana jioni waliimwaga njia nzima, na asubuhi njia yetu ililala nyeusi, nyororo, isiyo na chembe ya vumbi. Mkurugenzi alitembea juu yake kwa viatu vyake vya Jumapili akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha jua likapanda.

Nyigu wa kwanza walikuja wakati wa mkate na chumvi. Kufikia mbio ya tatu walikuwa wamefika wote waliozaliwa baina ya hapa na Poznań, na nyuki wa mizinga ya Bi Pelagia juu yao. Nahodha wa wageni aliondoka mstarini akiwa na nyigu ndani ya miwani. Aliikamilisha mbio kwa mkono mmoja, mwingine ukijipiga kofi. Umati ulipanda juu ya mabenchi. Mwamuzi akavua kofia apunge nayo, akagundua alikuwa akiihitaji.

"Bi Pelagia," Gwidon alipiga kelele, "waite wanao!"

"Wamekuja kazini," akajibu kutoka chini ya mwavuli. "Mmewawekea meza, mnataka warudi na njaa?"

Na hapa lazima niseme haki. Mtu aliyeokoa mechi ni Mkurugenzi Zarzycki. Alivua koti, akavua na tai, akakimbia mwenyewe hadi matanurini, akarudi mbele ya mikokoteni ya makaa makavu akisukuma wa kwanza kwa mikono yake. Wanaume wote wakaacha mabenchi. Wageni nao wakashika makoleo. Tuliifunika molasi kwa makaa, tukawasha majani mabichi pembezoni ili moshi uwafukuze wadudu, na mbio zikaendelea kwenye harufu ya mbarika, moshi na sukari iliyoungua.

Tulishinda. Mkurugenzi alikuwa na uvimbe shingoni wa ukubwa wa plamu, na alikuwa anacheka. Sikujua kwamba ana meno mazuri.

Jumapili, 18 Agosti

Tumeshinda tena. Grom wanaongoza msimamo, nasi tunawafuata kwa alama moja tu. Mechi ya mwisho ya msimu ni sisi na wao, hapa kwetu, tarehe ishirini na mbili Septemba. Hesabu ni nyepesi, hata darasa la kwanza wataielewa: tukishinda tunapanda, tukishindwa, au hata tukitoka sare, wanapanda wao, na viazi vinarudi.

Nilimkuta Seweryn amekaa juu ya ndoo nyuma ya kibanda, anakula mkate na tango chachu. Akanisogezea ndoo nyingine, akaipangusa kwanza.

"Mwalimu," alisema, "wewe unafundisha vita. Vilipoanza mimi nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilikwisha kuchaguliwa kujaribiwa na timu moja, Jumatatu iliyofuata. Vilipokwisha nikarudi na mapafu nusu na kazi ya kujenga upya kiwanda. Sasa nina thelathini na sita. Timu kubwa haimchukui mtu wa thelathini na sita."

"Hii itakuwa kubwa."

"Hii ikiwepo, nitaendesha miaka mitatu, minne. Isipokuwepo, nimeendesha msimu mmoja." Akatafuna. "Msimu mmoja pia si haba. Lakini nimeuonja, na tatizo ndilo hilo."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia. Nilichokiita majivuno kilikuwa ni mtu anayebeba kitu kilichojaa hadi ukingoni, akiogopa kukimwaga.

Jumapili, 22 Septemba

Mvua. Mechi imeahirishwa.

Jumatano, 25 Septemba

Mvua.

Jumapili, 29 Septemba

Mvua. Njia ya mbio ni ziwa. Bata wawili. Gwidon amewapa namba.

Jumanne, 1 Oktoba

Kulipopambazuka king'ora cha kiwanda kililia: msimu wa sukari umefunguliwa. Mikokoteni ya wakulima imepanga foleni kutoka lango la kiwanda hadi kanisani, farasi wakitoa mvuke, viazi vikiwa na tope la mashamba yao. Yadi inadaiwa na mwenyewe.

Tulikwenda kwa Mkurugenzi, Seweryn, Gwidon na mimi. Nilikuwa nimeandaa hoja tatu na nukuu ya Kilatini.

"Keti, Mwalimu," alisema kabla sijafungua mdomo. "Nimekwisha kuamua. Katikati ya yadi, ndani ya njia yenu, vitamwagwa viazi. Nje ya uzio pia, pande zote. Njia yenyewe haiguswi hadi Jumapili. Mvua ikinyesha Jumapili, basi Mungu naye ni mkulima."

"Lundo la katikati litakuwa juu," Seweryn alisema. "Hatutaonana upande wa pili."

"Nitaweka watu wa bendera kila kona. Mwamuzi nimempigia simu, amekubali kwa kunung'unika. Zaidi ya hapo siwezi, Kluba. Wizara inataka sukari, haitaki mizunguko."

"Hatukuomba zaidi," Seweryn akasema. Wakapeana mikono, na nukuu yangu nikarudi nayo nyumbani.

Jumapili, 6 Oktoba

Haikunyesha.

Nitakapokuwa nimesahau mambo yote, naomba nisisahau sura ya uwanja leo. Wakulima walikuwa bado kwenye foleni, hawawezi kuacha zamu zao, kwa hiyo walileta zamu zao uwanjani. Walipanda juu ya malundo ya viazi nje ya uzio, wamekaa na mikate yao na chupa zao, baba, mama na babu, jukwaa ambalo hakuna mji mwingine wa Poland uliowahi kulijenga. Bi Pelagia alikuwa kileleni, kwenye viazi vyake mwenyewe, mwavuli umefungwa. Na katikati ya yadi ulisimama mlima wa viazisukari unaoficha nusu ya mbio. Pikipiki ziliondoka mbele yangu, zikaingia kona, zikapotea. Ukawa unazisikia tu. Kisha zikatokea upande mwingine na kila mtu akavuta pumzi aliyoiacha.

Mbio ya kwanza tulipata, ya pili wakapata wao. Mchana kutwa tulikwenda hivyo, tukivutana kama misumeno ya watu wawili. Ilipobaki mbio moja, alama zilikuwa sawasawa. Kwetu Seweryn na Gwidon. Kwao Anzelm Kurek na kijana mmoja mwembamba ambaye hakuwa amefua dafu siku nzima.

Anzelm aliwasha injini ili aelekee mstarini. Ikalia kama kikombe kinachovunjika, ikanyamaza. Wakaikimbilia ile ya akiba. Mnyororo wake ulikuwa umekatika kwenye mbio ya kumi na haujafungwa. Mwamuzi akainua saa. Dakika mbili.

Nilikuwa hatua chache kutoka uani, kipaza sauti mkononi, na niliona kwenye uso wa kila mtu hesabu ileile. Bila Anzelm, wetu wawili dhidi ya kijana yule mmoja. Uwanja ni wetu. Miaka mitatu, minne.

Seweryn alishuka kwenye pikipiki yake.

"Kaka, hapana," Gwidon alisema. "Mpe ya akiba. Tunayo ya akiba, nzima, inakwenda. Hiyo nayo ni hisani."

"Mei alinipa ipi?"

Gwidon akaitazama saa ya mwamuzi.

"Alinipa ipi, Gwidon?"

"Ya kwake."

"Basi."

"Uwanja utakwenda, Seweryn. Unaelewa? Utakwenda."

"Uwanja tuliazimwa," Seweryn akasema. "Anayeazimwa akasahau kuazima, huyo ndiye anayestahili kwenda." Akaisukuma pikipiki yake hadi kwa Anzelm, akamwachia usukani mikononi. "Inataka kukatwa kidogo mwisho wa mstari. Usiionee haya."

Anzelm aliitazama, akamtazama yeye. "Kluba, una hakika?"

"Dakika inakwenda."

Mkurugenzi alikuwa amesimama kando. "Sheria inakulazimisha?" aliuliza taratibu.

"Hapana, Ndugu Mkurugenzi."

"Basi sina la kusema." Akavua kofia, akabaki nayo mkononi.

Ikawa juu yangu kuwaambia watu. Nimehutubia mazishi na sikukuu za taifa, na sijawahi kuchagua maneno kwa uzito ule. Nilisema: "Nahodha wa Korongo, Seweryn Kluba, amemwazima nahodha wa Grom pikipiki yake. Seweryn atapanda ya akiba. Kofia nyekundu, Seweryn. Bluu, Gwidon. Nyeupe, Anzelm Kurek, juu ya pikipiki ya Topolnik."

Juu ya malundo watu waliacha kutafuna. Kisha sauti ya Bi Pelagia: "Mpe na mkate basi, mwanangu, ale njiani." Hakuna aliyecheka.

Mwamuzi akainua mkono, akangoja pikipiki zitulie, na utepe wa mstarini ukaruka. Gwidon alitoka wa kwanza, Seweryn ubavuni, Anzelm nyuma yao, wakaingia kona, wakamezwa na mlima wa viazi. Nilifumba macho nisikilize. Nikaisikia ile sauti nene iliyotulia ikitangulia, ikikatwa kidogo, ikirudi. Umati nao uliisikia, na kwa mazoea ya msimu mzima ukalipuka kwa shangwe, kofia zikaruka, watu wakakumbatiana juu ya viazi. Kisha wakakumbuka nani ameipanda. Shangwe ikafa juu ya midomo yao. Walipotokea, kofia nyeupe ilikuwa mbele.

Mzunguko wa pili Seweryn alimpita Gwidon. Wa tatu aliufikia mgongo wa Anzelm. Ile pikipiki ya akiba haijawahi kwenda vile tangu itengenezwe, na haitakwenda tena. Kona ya mwisho aliitupa ubavu hadi nikadhani imelala. Kiatu chake cha chuma kilitoa cheche kwenye makaa. Wakatoka pamoja, wawili sambamba, mbele ya kibanda changu.

Anzelm, kwa nusu gurudumu. Seweryn wa pili, Gwidon wa tatu, yule kijana wa mwisho. Tatu kwao, tatu kwetu. Sare.

Nilitangaza. Sauti yangu haikutetemeka, na hilo namshukuru Mungu. Nilitangaza sare, nikatangaza kwamba Grom wamepanda daraja, na baadaye nikataja majina ya Korongo wote, mmoja mmoja, kama yanavyotajwa majina ya waliotunukiwa.

Ndipo watu wakashuka kutoka kwenye malundo. Niliogopa, sikujua wanakuja na nini. Walimpita Anzelm, wakamwinua Seweryn, wakamrusha juu. Mchezo huu humrusha mshindi peke yake. Leo Topolnik walimrusha wa pili, wakamrusha tena, na wapanda pikipiki wa Grom walikuwa miongoni mwa mikono iliyomdaka. Mara ya mwisho aliyopanda hewani nilimwona akitabasamu.

Anzelm hakuwamo kwenye furaha ile. Alikuwa bombani na ndoo, amepiga magoti. Kisha akaisukuma pikipiki hadi kwa Seweryn ikiwa inadondosha maji.

"Imeoshwa, kaka," alisema. "Tangi limejaa."

Jumatatu, 7 Oktoba

Mikokoteni imeingia. Viazi vinamwagwa.

Jumamosi, 19 Oktoba

Seweryn yuko zamu ya mizani. Anainua kizuizi, mkokoteni unapita, anakishusha. Nilimwuliza anaendeleaje. "Nimeendesha msimu mmoja," alisema, na alilitamka kama mtu anayetaja cheo chake.

Gwidon ameniletea mikate. Haijapondeka. Nimesikitika kidogo.

Alhamisi, 28 Novemba

Theluji ya kwanza imeanguka tangu alfajiri. Nilipita kiwandani baada ya vipindi. Mlima wa katikati na viazi vilivyofunika njia kiwanda kimekwisha kuvimeza; vilivyobaki vimelundikwa pembezoni. Katikati pamekuwa wazi, na kutoka mizani hadi mfereji wa kuoshea viazi sasa kuna njia fupi iliyonyooka, ambayo hata farasi kipofu angeiona.

Seweryn aliinua kizuizi. Mkokoteni wa Bi Pelagia ukaingia, ukaiacha ile njia fupi, ukapinda kushoto na kuanza kuizunguka yadi yote kwa taratibu. Aliyemfuata akapinda kushoto. Na wa tatu. Na wa nne.

Mkurugenzi alikuwa amesimama nami mlangoni. Akatoa saa yake.

"Bi Pelagia," aliita alipotufikia, "kata katikati. Kuna nini unazunguka?"

Alisimamisha farasi. "Hapa watu wanazunguka kushoto, Ndugu Mkurugenzi."

"Hakuna njia ya mbio tena, mama. Imefunikwa."

"Mimi naiona."

Akamgusa farasi kwa hatamu akaendelea. Mkurugenzi alisubiri hadi mikokoteni yote minne ilipomaliza mzunguko wake. Nilidhani atapiga kelele. Alirudisha saa mfukoni bila kuitazama, akamwita mtu wa bendera wa zamani, aliye sasa mfagiaji, akamwamuru aweke kigingi kwenye ile njia fupi, asipite mtu.

Nimepanda ghorofani kwenye dirisha la ofisi ili niandike haya nikiwa naona. Yadi yote ni nyeupe. Juu ya weupe ule magurudumu ya wakulima yamechora umbo la yai, jeusi, kamili, kona zake zote mbili, na pale chini mkokoteni mwingine umefika kwenye mizani. Seweryn ameinua mkono juu, anangoja mpaka farasi atulie. Ameinua kizuizi.